Spika za Nyumba ya Léonidas

Jumamosi, 3 Septemba 1994

Leo nimepata nyumba. Iko Muhima, kwenye mteremko wa kwenda Nyabugogo. Vyumba vitatu, madirisha hayana vioo, mlango wa nyuma uling'olewa pamoja na bawaba zake. Karatasi yenye muhuri nimepewa na binamu yangu Rwema, aliyeingia mjini na jeshi mwezi wa saba na sasa anafanya kazi za usalama. "Kaa humu, dada, mpaka atokee wa kuidai." Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Ya mwalimu mmoja, Léonidas. Aliuawa mwezi wa nne pamoja na wanawe wawili. Na mke? Rwema akainua mabega. "Hao walikwenda wote."

Nimefagia mpaka mgongo umegoma. Wamebeba kila kitu, hata swichi za ukutani. Sebuleni wameacha vitu viwili tu, na nilipovifuta vumbi nikalazimika kukaa chini. Ni spika. Kila moja inanifika kiunoni, mbao za mjozi, kitambaa cha mbele rangi ya uji wa ulezi. Nyuma kuna kibati: omu kumi na tano, 1958. Aliyeipora nyumba hii alidhani ni makabati mabovu, au alijaribu kunyanyua moja akaona haifai.

Jumatatu, 5 Septemba

Hakuna umeme. Hakuna maji.

Ijumaa, 9 Septemba

Mvua ya kwanza. Dari linavuja sehemu tatu. Spika nimezifunika kwa mablanketi yangu yote mawili, mimi nimelala na koti.

Jumapili, 11 Septemba

Umeme umerudi baada ya misa. Nimefanya kazi niliyoisubiri wiki nzima.

Mimi ni fundi redio. Baba alikimbia nchi hii mwaka 1961, akafungua kibanda Mwanza, na nilikulia chini ya meza yake kati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Ndiye aliyenizoesha kuandika kila siku kilichoharibika na kilichopona. Nimekuja huku na mita yangu, bisibisi, kicheza santuri na amplifaya ndogo ya Kijapani. Chumbani nimekuta sanduku la santuri arobaini na moja. Hakuna aliyezitaka.

Nimechagua santuri ya inanga, kile kinanda cha nyuzi, ya mzee wa Burundi anayeimba kwa kunong'ona. Nikaunganisha, nikakaa sakafuni. Koni, zile karatasi za ndani zinazotoa sauti, ni nzima zote nne, hakuna inayokwaruza. Lakini sauti ilikuwa kavu. Nyuzi zilinichoma masikio na mzee alikuwa kama anaongea ndani ya debe. Kosa si la spika. Hizi zilitengenezwa enzi za amplifaya za taa, zile zenye vali za vioo zinazowaka rangi ya chungwa. Wati kumi tu za taa zinazitosha. Ukizipa transista kama hii yangu, zinakutii lakini hazifurahi.

Kisha nikaangalia rafu ya katikati, ile iliyopigiliwa ukutani. Kuna alama ya miguu minne kwenye mbao, na juu yake ubao umegeuka kahawia kwa joto la miaka. Mashine ya taa ilikaa pale. Chini yake zinaning'inia nyaya za zamani za kuvikwa uzi, kahawia na mstari wa njano. Hazikufunguliwa kwa bisibisi. Zimekatwa kwa kisu.

Jumatano, 14 Septemba

Jirani wa upande wa chini amekuja kunisalimia. Anaitwa Jean-Berchmans, anakaribia miaka sitini, alikuwa fundi magari na Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa Zaire. Anaishi peke yake. Alikuwa hapa wakati wote wa vita. Amesimama mlangoni, kofia mkononi, macho yakipita begani kwangu.

"Zile zingali," akasema.

"Zipi?"

"Zile mbili. Zinapenda mashine ya taa, mama. Hiyo yako iko inazipigia kelele."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema alikuwa akisikia zikiimba kila Jumapili, miaka kumi na mbili. Akavaa kofia akaondoka. Hakuuliza ninaishije, hakuuliza nimetoka wapi. Alikuja kuziangalia spika.

Ijumaa, 16 Septemba

Jean-Berchmans amepita. Ametazama dirishani.

Jumatatu, 19 Septemba

Amepita tena. Ametazama.

Alhamisi, 22 Septemba

Mvua kubwa, udongo umeshuka mpaka barazani. Nimetengeneza redio tatu za watu. Nimezungumza na Vestine, anayeuza vitenge kule chini. Amerudi kutoka Bujumbura, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na habari zote za mtaa zinapitia kwake ingawa naye amefika juzi tu kama mimi. Nimemsimulia habari za yule mzee.

"Ma chère, mpenzi," akasema, "huyo alionekana. Mwenye duka la chumvi aliniambia. Ile wiki walipouawa, huyo mzee alipita barabara kubwa mchana, mashine ya mwalimu iko kichwani, watu wa kizuizi cha barabarani wanampigia makofi. Aliye na mali ya marehemu ndiye aliyemuua. Unataka ushahidi gani?"

Nimerudi nyumbani nikazipima zile ncha za nyaya kwa kidole, moja baada ya moja.

Jumapili, 25 Septemba

Nimejaribu kila kitu. Nimesogeza spika mbali na ukuta, nikazielekeza ndani kidogo, nikaweka tofali chini ya kila moja. Besi imeshuka vizuri. Ukavu uko palepale.

Nimejikuta nawaza si Léonidas, si wanawe. Nawaza ile mashine iko chumba gani.

Jumamosi, 1 Oktoba

Sherehe mjini, bendera, askari wakiimba. Nimebaki nyumbani. Saa kumi jioni, upepo ukitoka bondeni, nimesikia mngurumo kutoka kwa Jean-Berchmans. Mngurumo mdogo, mzito, usiobadilika. Mtu mwingine angedhani ni friji. Mimi ninaujua tangu utotoni: ni transfoma ya mashine ya taa iliyowashwa bila muziki. Umedumu kama robo saa, ukakoma.

Anaiwasha na haipigi. Mtu wa aina gani huwasha mashine asiisikilize?

Jumanne, 4 Oktoba

Nimekwenda kwake. Nimesingizia kuomba jembe. Alipoingia nyuma kulitafuta, nimeingia sebuleni. Juu ya meza, kitu cha mraba kimefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Nimeinua pembe. Vali sita, transfoma mbili nyeusi, na nyuma vipande vya waya vya kahawia na mstari wa njano, urefu wa kiganja, vimekatwa kwa kisu.

Nilipogeuka alikuwa mlangoni na jembe mkononi. Sitaificha hofu yangu. Niliona jembe kwanza, uso baadaye.

"Umeiona," akasema.

"Ulipata wapi?"

"Kwa Léonidas. Nilichukua mimi mwenyewe. Kuua, hapana. Kuchukua, ndiyo."

"Na unaiwasha ya nini?"

"Mvua, mama. Isipopata moto, inaoza ndani. Nangoja mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa."

"Mwenyewe iko," akasema, na uso wake ukafunga. "Sasa kila mtu anasema alificha mtu, alisaidia mtu. Mimi sisemi. Atakuja, atasema yeye." Akaniangalia sana. "Na wewe, mama, unalala mu nyumba ya nani?"

Nimetoka bila jembe. Swali lile limenikera kuliko jibu lolote. Mimi nina karatasi yenye muhuri.

Jumatano, 5 Oktoba

Mwenyewe iko! Watu waliofanya waliyoyafanya wote wana mtu wa kuwatetea ambaye yuko mbali.

Ijumaa, 7 Oktoba

Rwema amekuja kula. Nimemwambia. Nilijiambia namwambia kama ndugu tu, lakini niliona akiweka kijiko chini, na niliendelea. Akatoa karatasi mfukoni.

"Andika."

Niliandika kwamba nimeona kwa jirani mashine iliyotoka nyumba ya marehemu. Akaisoma, akatikisa kichwa. "Hii ni habari ya wizi. Kwa wizi nani atainuka kitini? Majirani wanasemaje?"

"Vestine anasema alishiriki."

"Basi andika: majirani wanasema alishiriki katika mauaji."

"Vestine hakuwepo, Rwema."

"Wewe unaamini nini?"

Niliamini. Nataka hili liandikwe kama lilivyo: siku ile niliamini. Nikaandika, nikatia sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha fyuzi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Wamemchukua saa mbili asubuhi. Askari watatu. Hakubishana. Aliomba kufunga dirisha kwa sababu ya mvua, wakamkatalia. Alipopita mbele yangu hakunitazama mimi, alitazama mlango wangu, kama mtu anayekagua iwapo umefungwa vizuri.

Vestine amepiga makofi mara moja, peke yake. Hakuna mwingine aliyepiga.

Jumatatu, 10 Oktoba

Askari wawili wameniletea mashine. "Afande Rwema amesema ni mali ya nyumba." Wameiweka kwenye rafu na miguu yake minne imeingia kwenye alama kama mguu kwenye kiatu chake.

Sijaigusa.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimeigusa.

Nimeifungua chini kwanza, kama nilivyofundishwa. Kapasita mbili zimevimba, nimezibadilisha na zangu. Mengine yote ni safi ajabu. Hakuna kutu, hakuna hata utando wa buibui. Nimeunganisha nyaya, kahawia kwa kahawia. Nimeipa dakika kumi ipate moto, nikaweka mzee wa inanga.

Baba aliwahi kuniambia kwamba spika nzuri ni ile unayoisahau. Sikuwahi kumwelewa mpaka leo. Spika ziliondoka. Mzee alikuwa ameketi pale, kati ya dirisha na mlango, umbali wa hatua tatu, na nilisikia ulimi wake ukiachana na kaakaa kabla ya kila neno, na kidole kikiteleza juu ya uzi kabla uzi haujalia. Besi haikupiga, ilipumua. Nimesikiliza upande mzima, nikageuza, nikasikiliza wa pili. Nimelia, na sikuwa nalia kwa ajili ya mtu yeyote. Ilikuwa raha tupu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Rumba ya Kinshasa. Gitaa tatu, na kwa mara ya kwanza nazisikia zote tatu kila moja mahali pake.

Jumapili, 16 Oktoba

Vestine amekuja kusikiliza. "Ni nzuri," akasema, lakini alikuwa anaangalia mbao za spika. Akauliza kama Rwema anaweza kumpatia nyumba ya mzee, maana sasa iko tupu na yake ni ndogo. Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nimeuzima muziki kabla hajaondoka.

Jumatano, 19 Oktoba

Mvua siku nne. Nimekwenda kwa mwenye duka la chumvi, anaitwa Munyakazi. Nimemuuliza alimwona nani akiua.

"Kuua? Sikusema kuua," akajibu huku akifunga mfuko. "Nilisema alibeba mashine. Siku zile mama, asiyebeba kitu aliulizwa kwa nini habebi."

Nimerudi polepole na mvua. Sikujifunika.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mashine haijawashwa siku tatu.

Jumanne, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nitaandika mengi leo, nikiacha sitayaandika tena.

Nilikuwa nafua uani. Mwanamke mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, begi la plastiki mkononi, alipita mlango wangu bila kutazama, akaenda moja kwa moja kwa Jean-Berchmans. Akabisha. Akabisha tena, akaita. Nikamwambia hayupo.

"Amekwenda wapi?"

Nikamwuliza yeye ni nani.

"Spéciose. Hiyo uliyomo ni nyumba yangu, lakini sikuja kwa ajili ya nyumba. Berchmans yuko wapi?"

Nilimkaribisha kwenye sebule yake mwenyewe. Aliingia akaona spika, akaona mashine kwenye rafu, akaweka mkono kifuani. "Ameirudisha! Nilijua atairudisha." Na akatabasamu, mwanamke yule. Sijawahi kuona kitu kigumu kutazama kama tabasamu lile.

Akanieleza, akiwa amesimama. Tarehe tisa ya mwezi wa nne walimuua mumewe na wanawe njiani, walipokuwa wanajaribu kufika kanisani. Yeye alikuwa nyuma, akarudi akikimbia, akaingia kwa Jean-Berchmans kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi. Alimweka ghalani, nyuma ya magunia ya makaa. Siku ya pili watu wa kizuizi cha barabarani wakaanza kuuliza kwa nini mzee habebi kitu kama wenzake, ana nini nyumbani? Hapo akaenda kwa Léonidas na kisu, akakata nyaya, akaibeba mashine kichwani barabara kubwa, mchana, ili wote waone. Wakampigia makofi. Hawakuingia kwake kamwe.

"Alirudi akatapika," akasema Spéciose. "Kisha akaniambia, nisamehe, ndicho pekee nilichoweza kubeba peke yangu bila kukivunja. Miezi mitatu alinilisha. Mji ulipotulia nilikuwa siwezi kusimama, wanajeshi wakanipeleka Kabuga kutibiwa, kisha nikaenda Rwamagana kutafuta watoto wa dada yangu. Sikuwapata." Akaangalia mlangoni. "Sasa niambie. Yuko wapi?"

Nikamwambia. Sikusema "walimchukua". Nilisema: nimemfungisha mimi.

Hakunipiga. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye spika ya kushoto, akaniuliza jambo moja tu. "Alikuambia kwamba nipo?"

"Aliniambia."

Alhamisi, 3 Novemba

Tumekwenda wote wawili. Rwema amesikiliza, kisha amekasirika, na hasira yake ilikuwa kwangu. "Unajua ni watu wangapi wameandika barua kama yako? Nikisema moja ni ya uongo, watauliza na nyingine." Nikamwambia watafanya vizuri kuuliza. Spéciose akaweka kiganja juu ya meza. "Nitalala hapa mlangoni," akamwambia, "mpaka mnisikilize."

Faili halionekani. Rwema hajui mzee yuko mahabusu ipi.

Jumatatu, 7 Novemba

Halionekani.

Ijumaa, 11 Novemba

Tumepelekwa ofisi nyingine. Kuingia kulitaka sahihi moja. Kutoka kunataka mashahidi watano, na mmoja awe aliyeshtaki. Munyakazi wa chumvi amekubali baada ya siku mbili. Vestine amekataa. "Mimi sikuandika kitu," akasema, na ni kweli.

Jumapili, 13 Novemba

Spéciose analala chumba cha ndani, mimi sebuleni. Leo ameniomba nipige santuri yoyote aliyoipenda Léonidas. Akachagua mwenyewe, kwaya ya wanaume. Nikaiwasha mashine, nikatoka nje ili awe peke yake. Baada ya wimbo mmoja alinifuata uani.

"Inasikika vizuri kuliko zamani. Umeifanyia nini?"

"Kapasita mbili."

"Basi. Izime."

Jumatano, 23 Novemba

Mashahidi wametimia. Nimesoma maelezo yangu mbele ya watu kumi na moja. Nimesema: nilichokiona ni mashine. Mauaji sikuyaona wala sikuyasikia kwa mtu aliyeyaona. Afisa akauliza kwa nini basi niliyaandika. Nilikuwa nimejitayarisha kusema kwamba niliogopa. Nikasema nilitaka ile mashine. Watu waligeuka kunitazama. Rwema alitoka chumbani. Nadhani nyumba ya serikali sitapata nyingine.

Ijumaa, 2 Desemba

Ametoka. Siku hamsini na tano. Huko mahabusu walikuwa wamejaa hata wakaketi kwa zamu, miguu ndani ya maji ya mvua. Spéciose na Munyakazi wamemleta kwa mkokoteni. Daktari amekata vidole vitatu vya mguu wa kulia.

Mimi nimehamisha vitu vyangu. Nimepata chumba Kabuga kwa mwanamke anayeuza maharage. Spika, mashine na santuri ziko mahali pake kwa Spéciose, nimemwonyesha namna ya kuiwasha na kuizima. Nitashuka kila siku kumpikia mzee mpaka asimame. Spéciose ndiye aliyesema nije. Hakusema ni kwa ajili ya nani.

Jumatatu, 5 Desemba

Nimepika. Hakula.

Jumatano, 7 Desemba

Nimepika. Ameniambia niache mlango wazi ninapokuwa ndani, ili watu wapitao waone kinachofanyika. Chakula alikula nilipoondoka, au alimpa mbwa. Sijui.

Jumamosi, 10 Desemba

Mvua imekatika. Nimemletea uji wa mtama, mlango wazi, Spéciose ameketi kizingitini kama mzee anavyotaka. Nimemwekea bakuli magotini. Hakuligusa. Alilitazama, akanitazama mikono, akamtazama Spéciose.

"Aonje kwanza," akasema. Alikuwa anamwambia Spéciose, si mimi.

Spéciose akasimama, akanyoosha mkono kuchukua kijiko. Nikamwahi. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikachota katikati ya bakuli, si pembeni, nikala. Nikachota tena kutoka chini kabisa, nikala. Alikuwa ananitazama koo. Nikafungua mdomo aone kwamba nimemeza.

Akangoja. Mtu mmoja barabarani alipita akitusalimia. Akangoja zaidi, muda wa kutosha kwa sumu yoyote kuanza kazi, na mimi sikuondoka magotini pake.

Kisha akachukua kijiko mkononi mwangu, akakifuta kwa shati lake, akaanza kula.